Jinsi ya Kupanga Safari ya Siku Kadhaa kwa Baiskeli, Pamoja na Marafiki, katika Nchi ya Maziwa na Milima

Ramani ya nchi yenye maziwa na milima humwonyesha mwendesha baiskeli umbali na kumficha mwinuko, na hapo ndipo mipango mingi inapoharibika. Kilomita 60 za uwanda tambarare ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye afya ya kawaida, lakini kilomita hizohizo zikiwa na mita 1,500 za kupanda huchukua siku nzima, na kundi la marafiki wenye nguvu tofauti, tena waliobeba mizigo, linaweza kuingiliwa na giza kabla wa mwisho hajafika. Kwa hiyo jambo la kwanza la kukubaliana, kabla ya kuchagua njia au kununua chochote, ni kwamba safari yenu itapimwa kwa saa, na kwamba saa hizo zitahesabiwa kwa mwendo wa yule aliye na nguvu ndogo kuliko wote. Kamba hukatikia pabovu, na ratiba iliyotungwa kwa kumtazama mwenye miguu imara itakatikia kwa mwenzake siku ya pili au ya tatu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mchukulieni mwendeshaji ambaye uzito wake pamoja na baiskeli na mizigo ni kilo 100. Mtu asiye wa mashindano, lakini aliyezoea kuendesha, anaweza kukanyaga pedali kwa wati 100 hadi 150 kwa saa kadhaa bila kujimaliza. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani mita 8 za kupanda kwa kila mita 100 za njia, wati 100 zitampandisha kiasi cha mita 340 za wima kwa saa, na wati 150 zitampandisha kiasi cha mita 510. Sasa tuseme mna siku ya kilomita 50 yenye mita 1,200 za kupanda: kilomita 15 za mlima, kilomita 15 za kuteremka na kilomita 20 za tambarare. Yule wa wati 100 atahitaji saa tatu na nusu kwa mlima peke yake, nusu saa ya kuteremka kwa tahadhari, na saa moja na robo kwa sehemu iliyobaki. Hizo ni saa tano na robo juu ya tandiko. Mkiongeza theluthi moja kwa ajili ya kula, kupumzika, kutazama mandhari na kuziba pancha, mnafika saa saba. Siku ya namna hiyo inafaa kabisa, lakini haifai kupangwa mara tatu mfululizo, na haifai kuwa siku ya kwanza.

Wastani wa mwinuko nao una hila zake. Juu ya Ziwa Como, kaskazini mwa Italia, lipo kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, na mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Kanisa hilo liko mita 754 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa uko kwenye mita 198 hivi, kwa hiyo anayeanzia mji wa Bellagio ana mita 500 na ushei za kupanda ndani ya kilomita zisizofika 11. Ukigawanya unapata wastani wa asilimia 5, namba isiyomtisha mtu. Barabara yenyewe haipandi hivyo hata kidogo: sehemu za mwanzo zinasimama hadi asilimia 14, katikati inalala, kisha inasimama tena karibu na kileleni. Aliyejipanga kwa asilimia 5 anakuwa ameshatumia nguvu zake katika kilomita za mwanzo. Programu nyingi za ramani huchora mwinuko wa njia kilomita kwa kilomita. Mchoro huo ndio wa kusomwa, na usomwe na kila mmoja kundini, si na kiongozi peke yake.

Barabara ya ufukweni inastahili onyo la pekee kwa sababu watu huipa jina la siku ya mapumziko. Pale ambapo mlima unaingia moja kwa moja majini, barabara haina ukingo wa kufuata; hupanda juu ya kila rasi na kushuka kwenye kila ghuba, mita 40 hapa, mita 60 pale, na jioni mnakuta mmepanda mlima mzima kwa vipande. Pale isipopanda, huenda inapita ndani ya handaki. Mahandaki mengine yamekatazwa kwa baiskeli na mengine yameruhusiwa lakini ni marefu, yenye giza na kelele za malori, kwa hiyo lazima yajulikane kabla ya kuondoka. Mara nyingi barabara ya zamani bado ipo nje ya handaki, ikizunguka mwamba, na sehemu hizo zinaweza kuwa nzuri kuliko zote katika safari, ingawa baadhi zimefungwa kwa kuporomokewa na mawe. Kila baiskeli iwe na taa ya mbele na ya nyuma zinazowaka hata mchana. Ziwa pia lina vivuko, na kivuko kinaweza kuwakatia kilomita 40 za mzunguko au kuwaokoa siku ambayo mmoja ameishiwa nguvu. Ulizeni mapema kama kinapokea baiskeli, na andikeni saa ya kivuko cha mwisho kwenye karatasi mnayoibeba.

Ziwa lililozungukwa na milima lina upepo wenye ratiba, na ratiba hiyo ina thamani kubwa kwa mwenye baiskeli. Mchana jua hupasha moto nchi kavu na miteremko haraka kuliko maji, hewa iliyopata joto hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani na mabondeni huvutwa kujaza nafasi yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na hewa nzito huteremka kutoka milimani kuelekea majini. Kwenye Ziwa Garda, Italia, pepo hizo zina majina yake: Pelèr huvuma kutoka kaskazini tangu usiku hadi asubuhi, na Ora huvuma kutoka kusini kuanzia mchana. Kundi linalolipita ziwa la namna hiyo kuelekea kusini wakati wa alasiri litapigwa na upepo usoni hadi litakapofika. Kundi lilelile likipita asubuhi litasukumwa mgongoni. Hali ya hewa ikichafuka ratiba hiyo huvunjika, lakini katika siku za jua unaweza kuitegemea. Kwa hiyo kabla ya kuamua kama mtalizunguka ziwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto, tafuteni kwanza upepo wa mahali hapo unavuma wapi na saa ngapi. Wavuvi na waendesha mashua wanaujua.

Sababu hiyohiyo ya hewa kupanda ndiyo inayoleta mvua za radi alasiri. Asubuhi anga huwa jeupe, kuelekea saa sita mchana mawingu huanza kurundikana juu ya vilele, na baadaye yanaweza kufunguka kwa ghafla. Sehemu ya juu kabisa ya barabara ndiyo mahali pabaya zaidi pa kukutwa na radi, kwa hiyo ipiteni kabla ya saa sita mchana, hata ikiwalazimu kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Radi ikiwakuta bado mko juu, shukeni bila kungoja, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na msisimame mkiwa mmesongamana. Jengo au gari lililofungwa ndilo kinga.

Kuhusu mavazi, kanuni ya kukumbuka ni kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ziwani kukiwa na nyuzi 24, mita 1,500 juu yake kutakuwa na nyuzi 14 au 15, na hapo mtakuwa mmefika mkiwa mmelowa jasho. Kisha mnaanza kuteremka. Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, hewa ya nyuzi 10 huhisiwa na ngozi kama nyuzi 6, na vidole vilivyokufa ganzi havibani breki sawasawa. Koti jepesi la kuzuia upepo, glavu za vidole vizima na fulana kavu ya kubadilisha vikae juu kabisa ya begi, navyo vivaliwe kileleni kabla mwili haujapoa. Jua nalo huongezeka ukali kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, hivyo shingo na masikio yanaweza kuungua hata siku isiyokuwa na joto. Njia ikizidi mita 2,500, maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi wa taabu vinaweza kuwa ni ugonjwa wa mwinuko. Mwenye dalili hizo asipande zaidi, na zikizidi ashushwe.

Baiskeli yoyote imara inaweza kwenda, mradi iwe na gia nyepesi za kutosha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu hulionea haya, kana kwamba gia nyepesi ni ya wanyonge. Tour de France ilianza kupita mlima wa Tourmalet, wenye kimo cha mita 2,115, mwaka 1910, lakini mfumo wa kuhamisha mnyororo kutoka gia hadi gia uliruhusiwa katika mashindano hayo mwaka 1937 tu. Mabingwa wa miaka ile waliteseka bila sababu, na hakuna haja ya ninyi kuiga mateso yao. Mrudieni mwendeshaji wetu wa kilo 100. Kwa wati 150 kwenye mwinuko wa asilimia 8 atakwenda kilomita 6.4 hivi kwa saa. Akiwa na spoketi ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 28, miguu yake itazunguka mara 42 tu kwa dakika, mwendo wa kuponda magoti. Akiwa na meno 26 mbele na 36 nyuma, kwa kasi ileile itazunguka mara 71, na anaweza kuendelea hivyo saa nzima huku akizungumza. Fundi anaweza kubadilisha spoketi hizo kabla ya safari. Magoti yaliyoumia siku ya kwanza hayaponi njiani.

Mizigo ipimwe kwenye mizani, kwa kilo. Mlimani kila kilo 10 za ziada juu ya jumla ya kilo 100 huongeza asilimia 10 ya kazi, na hakuna namna ya kuikwepa. Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati ya baiskeli, mikoba ya pembeni ifungwe isitikisike, na baiskeli iliyopakiwa iendeshwe walau siku moja nzima yenye mlima kabla ya safari, kwa sababu baiskeli yenye mzigo hugeuka na kusimama kwa tabia nyingine kabisa.

Kuteremka ndiko kunakohitaji mafunzo kuliko kupanda. Kilo 100 zikishuka mita 800 hutoa nishati ya kilojuli 785, ambayo ni joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji, na chochote kisichochukuliwa na upepo huishia kwenye breki. Breki za rimu zikiburuzwa mfululizo hupasha rimu hadi tyubu inaweza kupasuka, na rimu za kaboni huvumilia joto hilo kidogo kuliko za alumini. Breki za diski zikizidiwa hupoteza nguvu. Msiburuze. Acheni baiskeli ikimbie penye nyoofu, kaeni wima ili kifua kikamate upepo, bana breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia unapoingia. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, lakini barabara ikiwa na mvua au changarawe ibanwe taratibu. Katika kona, mguu wa upande wa nje uwe chini na umebeba uzito, na macho yatazame mwisho wa kona, si ukingo wa bonde, kwa kuwa baiskeli hufuata macho.

Katika mteremko mrefu simameni baada ya kila kilomita nne au tano. Mtu asiguse diski wala rimu kwa kidole. Achovye ncha ya kidole kwenye maji, adondoshe tone moja: likitulia na kutiririka, mnaweza kuendelea, likichacharika na kupotea palepale, kaeni chini mngoje. Aliyebeba mzigo mkubwa ndiye mwenye breki zenye moto kuliko wote, kwa hiyo kusubiri kwenu kufuate baiskeli yake. Mwachie nafasi pana anayekutangulia, angalau mita 30, na msiwe na aibu ya kushuka na kutembea penye mchanga au mafuta barabarani.

Sasa kuhusu kundi lenyewe, ambalo kwangu ndilo jambo zito kuliko baiskeli na njia. Kundi la watu wanne hadi sita linatosha. Likizidi hapo, kila kusimama huchukua nusu saa. Penye tambarare endesheni pamoja, kwa mstari mmoja, wenye nguvu wakipokezana mbele kuwakinga wengine na upepo. Mlimani kila mtu apande kwa mwendo wake, kwa sababu kumlazimisha mwenye nguvu atambae kunamchosha, na kumlazimisha mnyonge akimbie kunammaliza. Kinachowaunganisha ni mahali pa kusubiriana palipotajwa kwa jina asubuhi, na sheria kwamba hakuna anayeivuka njia panda kabla hajamwona anayemfuata. Mmoja mwenye uzoefu, aliyebeba vifaa na sanduku la huduma ya kwanza, awe wa mwisho siku nzima, na zamu hiyo ibadilishwe kila siku.

Kuna dhuluma moja inayotendeka karibu katika kila kundi bila mtu kuikusudia. Wenye nguvu hufika kileleni, hukaa dakika ishirini, hula, hunywa, huvaa makoti. Kisha wa mwisho anapotokeza akihema, husimama wote na kusema twendeni. Yule aliyehitaji mapumziko kuliko wote anakuwa ndiye asiyepumzika hata mara moja, na hali hiyo ikirudiwa mara tatu au nne kwa siku, kufikia siku ya tatu hataweza tena. Dakika za mapumziko zianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapoegesha baiskeli yake. Wenye nguvu wasubiri wakiwa wamejifunika. Vilevile vifaa vya pamoja, yaani hema, jiko na spana, vigawanywe kwa nguvu, si kwa usawa wa idadi: kilo tano zikihama kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu, zinawasogeza karibu kuliko maneno yoyote ya kutiana moyo.

Jifunzeni pia dalili za mtu anayeishiwa, kwa maana mara nyingi yeye mwenyewe hasemi. Huanza kwa kunyamaza. Kisha anasahau kubadilisha gia na kuendelea kukanyaga ileile nzito, gurudumu lake la mbele linayumba, akiulizwa swali anajibu jambo jingine, na mikono yake inatetemeka anapofungua chupa. Huyo anahitaji kitu cha sukari mara moja, kivuli au koti kulingana na hali ya hewa, na robo saa ya kukaa. Njia ya kumwepusha na hali hiyo ni kula kidogokidogo tangu saa ya kwanza, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, zaidi penye joto kali. Kubalianeni mapema kwamba neno la mtu mmoja kusema "nasimama" linatosha, bila kura wala kubembelezana, na kwamba kila siku ina njia ya kuifupisha: kivuko, treni, basi linalopokea baiskeli, au bonde la kuteremkia. Panapotokea kutoelewana, mara nyingi chanzo huwa njaa. Kuleni kwanza, kisha mjadili.

Maji ya ziwa na ya vijito huonekana safi milimani, lakini yachemsheni hadi yatokote kwa dakika 1, na juu ya mita 2,000 kwa dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Maji yenye utando wa kijani au buluu juu yake msiyanywe hata yakichemshwa, wala msioge humo, kwani sumu ya viumbe wadogo wanaofanya utando huo haiondoki kwa moto. Katika nchi za joto, ulizeni kama ziwa lina kichocho kabla ya kuingia. Katika ziwa la milimani lenye maji ya baridi, msijirushe mkiwa bado mna joto la safari: maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila hiari, na kichwa kikiwa chini ya maji pumzi hiyo ni hatari. Ingieni taratibu kwa miguu, wawili wawili, mkishika ukingo.

Vifaa vya kundi ni vichache: tyubu mbili za kila saizi ya gurudumu, viraka na gundi, pampu, vifungua tairi, seti ya funguo za heksi, kifaa cha kukata cheni pamoja na kiungo cha kuungia, pedi za breki za kila aina mliyo nayo, spoki chache za urefu sahihi na kipande cha ziada cha fremu kinachoshikilia gia ya nyuma, kwa kila fremu aina yake. Kipande hicho hupinda baiskeli ikianguka upande wa kulia, na mtu asiyejua huendelea kuendesha hadi gia inapoingia ndani ya spoki na kuvunja gurudumu. Baada ya kila kuanguka, simameni nyuma ya baiskeli na mtazame kama gia imesimama wima sambamba na gurudumu. Ikiwa imeinama kuelekea ndani, msitumie gia nyepesi kabisa hadi inyooshwe.

Jioni, kabla ya kukaa, kila mmoja aikague baiskeli yake wakati bado kuna mwanga: unene wa pedi za breki, tairi kama zina vipande vya chupa au miiba, skrubu za keria na usukani, cheni ifutwe na kutiwa mafuta. Taa na simu zichajiwe, utabiri wa hali ya hewa usomwe kwa ajili ya sehemu ya juu ya njia na si kwa ajili ya mji mlimolala, kisha saa ya kuondoka ipatikane kwa kuhesabu kurudi nyuma: mnataka kuwa kileleni saa ngapi, yule wa mwendo mdogo anahitaji saa ngapi kufika huko, na mapumziko mangapi yapo njiani. Saa hiyo itajwe mbele ya wote kabla mtu hajaenda kulala, na chupa zijazwe usiku huohuo.